Ukikata kichwa cha mbuni, sikiliza mizizi

Mbuni, yaani mti wa kahawa, ukiwa mkongwe na uliorefuka hadi unachumwa kwa ngazi dawa yake ni msumeno. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Arusha wanalijua hilo. Wanachoniuliza ni kwa nini visiki viwili vilivyokatwa siku moja, kimoja huchipua kama fagio na kingine hukaa kimya mpaka kinaoza.

Ndani ya shina mna vichocheo, au homoni, vinavyovutana. Ncha na majani machanga hutengeneza auksini, ambayo hushuka na shina na kuyalaza macho, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye vifundo, pale majani yanaposhikia. Mizizi hutengeneza saitokinini, inayopanda pamoja na maji na kuyaamsha. Vifundo navyo huweza kuitengeneza, ila auksini ikiwa nyingi huzuiwa. Homoni ya tatu, strigolaktoni, iko upande wa auksini. Hiyo ndiyo ambayo mizizi ya mahindi yaliyokosa fosforasi huivujisha ardhini kwa wingi, na mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, zikiipata, zinaota!

Basi ukikata kichwa umeondoa auksini, na zamu ni ya saitokinini. Lakini ikiwa mizizi imedhoofika kwa ukame au njaa, itatoka wapi ya kutosha? Ndiyo maana nasema matunzo ya kisiki huanza kabla ya msumeno: samadi, matandazo, palizi. Kata baada ya mavuno, kabla ya masika, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yasituame. Mbuni wenye mashina mengi, acha moja la kupumulia. Majani yake hulisha mizizi, na macho yanayoamka yanahitaji sukari pia. Punguza majani ya migomba yanayofunika kisiki, maana jicho lililo gizani huchelewa.

Machipukizi yakitoka, usiyaonee huruma. Hakuna ncha yenye kuyatawala, kwa hiyo yatatoka kumi, ishirini, yote membamba. Yakifika futi moja chagua mawili au matatu yaliyoshika vizuri, pande tofauti za kisiki, mengine yang'oe kwa mkono yangali laini. Utarudia, kwa sababu macho mengine yataendelea kuamka hadi ncha mpya zipate nguvu ya kuyalaza. Shina la kupumulia likate wakati machipukizi uliyochagua yamesimama imara.

Kisiki hukunyima mavuno kwa takriban miaka 2, hivyo kata theluthi moja ya shamba kwa awamu. Na kwa mbuni mchanga wenye shina moja linalopindika huna haja hata ya kukata. Ulaze, ufunge kwenye kigingi, macho ya upande wa juu yataamka yenyewe, kwa kuwa ncha iliyoinamishwa hupoteza sehemu ya ubabe wake.