Namna ya Kuzipima Kasoro za Godoro la Maji Kabla ya Kulilalia

Godoro la maji la kisasa, yaani mfuko mkubwa wa plastiki unaojazwa maji ndani ya fremu, lilibuniwa mwaka 1968 na Charles Hall, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu huko San Francisco, na kufikia miaka ya 1980 lilikuwa limeenea sana Marekani. Anayetaka kulinunua leo, jipya au lililotumika, azipime kasoro zake kabla ya kulijaza, kwa sababu likishajaa halisogezwi tena.

Anza na uzito. Zidisha urefu, upana na kina cha godoro kwa mita, kisha uzidishe jibu kwa 1,000 ili upate kilo za maji. Godoro la mita 2.1 kwa 1.8, lenye kina cha sentimita 23, hubeba maji ya kilo zipatazo 870, bila kuhesabu fremu wala walalao. Sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi huuhimili uzito huo, lakini ghorofa ya mbao, hasa ya nyumba kuukuu, ikaguliwe kwanza na fundi. Mpangaji naye ausome mkataba wake: katika jimbo la California, kwa mfano, sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai bima ya dola 100,000 kwa ajili ya hasara ambayo godoro hilo linaweza kuleta.

Kasoro inayochosha zaidi, kwa maoni yangu, ni baridi. Maji yasiyopashwa moto hufyonza joto la mwili usiku kucha, na mablanketi hayasaidii sana kwa kuwa baridi inatoka chini. Tandaza hita, kifaa bapa cha umeme cha kupasha maji moto, juu ya ubao unaolibeba godoro, chini ya bitana ya plastiki inayozuia maji yakivuja, uiweke kati ya nyuzi joto 28 na 31 za Selsiasi, na usiiwashe kabla godoro halijajaa. Hita ya wati 350 huhitaji karibu siku mbili kuyapandisha maji hayo nyuzi 15, kwa hiyo usitarajie kulilalia usiku wa siku ya kulijaza. Hesabu pia bili ya umeme ya kila mwezi.

Mtoto mchanga asilazwe hapo kamwe, hata kwa usingizi mfupi wa mchana, hata akiwa kati ya wazazi wake. Godoro hubonyea na kuufunika uso wake, naye hana nguvu ya kujigeuza. Anaweza pia kunasa kati ya godoro na fremu.

Kwa mgongo, lala chali ukajipime: nyonga zikigusa ubao, maji ni machache, ukihisi unateremkia pembeni, yamezidi. Godoro lenye matabaka ya nyuzinyuzi ndani hupunguza mawimbi mwenzako anapogeuka. Mwenye maumivu ya mgongo au magoti ajaribu kwanza kuinuka mwenyewe kutoka kwenye godoro lililojazwa, kwani ukingo wake hautoi mahali pa kujishikiza.

Tia dawa ya kuzuia ukoga kila mwaka, na uweke viraka na gundi ya plastiki karibu. Siku ya kuhama, chomoa hita, kisha uyatoe maji kwa mpira ambao mdomo wake wa nje uko chini kuliko godoro. Pasipo mteremko, tafuta pampu.