Somo: Kumlinda mtoto mtandaoni, anza na ahadi

Shule zikifungwa, magrupu ya wanafunzi ndiyo hufunguka. Binti wa kidato cha pili anaingia grupu la darasa kwa simu ya mama, na kabla ya asubuhi stika yenye sura yake na maneno machafu imeshazunguka kutoka Buswelu mpaka Buhongwa. Wa mwisho kujua ni mwenye simu. Nafundisha sekondari hapa Ilemela, Mwanza, na wazazi wanaonifuata kwa mambo haya huuliza kwanza programu ya kufungia simu. Programu zipo, nitazitaja. Lakini hazitangulii.

Hatua ya 1: Mpe mtoto ahadi

Mwambie kwa utulivu, siku ambayo hakuna ugomvi: "Ukitukanwa, ukitishwa, ukitumiwa picha mbaya, hata kama wewe ndiye uliyekosea mwanzo, niambie. Sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia."

Mtoto anayeonewa mtandaoni anapiga hesabu. Nikisema nitachapwa, simu itaondoka, baba ataambiwa, ukoo mzima utajua. Anayemtishia anaijua hesabu hiyo vizuri, ndiyo maana humwandikia, "Ukimwambia mama yako umekwisha." Nguvu yake yote imo kwenye siri. Mtoto akiwa na hakika kwamba nyumbani atasikilizwa, tishio hilo linabaki maneno matupu.

Ahadi hii usiivunje, wazazi wenzangu. Kuna siku utasikia jambo la kukupandisha hasira. Toka nje, zunguka nyumba, kisha urudi ukae naye. Ukimchapa siku hiyo, jambo lijalo utalisikia kwa majirani.

Hatua ya 2: Shikeni simu pamoja

Si kumpokonya na kukagua. Kaa naye, yeye ndiye abonyeze.

WhatsApp: kwenye mipangilio ya faragha, wekeni kwamba wanaoweza kumwingiza kwenye grupu ni watu aliowahifadhi tu. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa namba 6 za siri. Na asimpe mtu yeyote namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS, hata rafiki wa dawati moja, maana rafiki huyo huenda naye ameshaibiwa akaunti.

TikTok: umri wa kuanza ni miaka 13. Akaunti ya aliye chini ya miaka 16 huanza ikiwa ya faragha, na hairuhusiwi kutumiana ujumbe wa moja kwa moja. Sasa mtoto aliyejiandikisha kuwa ana miaka 20 amejivua ulinzi wote huo. Mwulize aliandika umri gani. Swali hili dogo linafaa kuliko mahubiri ya saa nzima.

Kwa simu za Android, Family Link ya Google inakuwezesha kuidhinisha programu na kuweka saa za matumizi. Inamfaa mdogo. Kijana wa miaka 16 anahitaji zaidi mazungumzo yenu.

Hatua ya 3: Likitokea, fuata mpangilio huu

Asijibu matusi. Pigeni skrinishoti zinazoonyesha namba, tarehe na jina la grupu, upesi, kwa sababu aliyetuma anaweza kufuta kwa wote. Baada ya hapo ndipo mripoti na kumzuia. Watu wengi huanza kwa kuzuia na kufuta mazungumzo, wakifika polisi hawana cha kuonyesha.

Picha ya utupu ya mtoto ni jambo tofauti. Usiisambaze kwa yeyote, hata kwa mwalimu, hata ukisema ni ushahidi. Kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kila anayeipokea anamwongezea mtoto aibu. Peleka simu yenyewe Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Kama hujui pa kuanzia, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Maswali ya wazazi na walezi

*Mama wa Mwaloni:* Shikamoo mwalimu. Nauza dagaa, natoka alfajiri na simu nawaachia watoto. Hayo ya mipangilio siyajui. Nifanyeje?

Marahaba mama. Huhitaji kuyajua. Jioni mwambie mkubwa akuonyeshe magrupu aliyomo na akutajie nani ni nani. Asiyemjua kwa sura, atoke. Jingine, badilisha namba ya siri ya pesa za simu, kwa sababu watoto wengi wanaijua ya mama.

*Baba wa Nansio:* Mwalimu, kwa nini tusiwanyime simu mpaka wamalize shule? Mimi wangu hana kabisa.

Kutomnunulia ni uamuzi mzuri, ndugu yangu, siupingi. Ila asiye na simu naye hupigwa picha na wenzake, ikatengenezwa stika, na yeye akaja kuona anachekwa tu bila kujua sababu. Ahadi ya hatua ya kwanza inamhusu huyo pia.

*Mzazi wa Igoma:* Anayemtukana mwanangu ni mtoto wa jirani. Niende polisi?

Kifungu cha 23 cha sheria hiyo ya 2015 kinakataza unyanyasaji wa mtandaoni, kwa hiyo njia hiyo ipo. Lakini huyo naye ni mtoto. Ningeanza kwa wazazi wake, ana kwa ana, na skrinishoti mkononi, bila umati. Mhusishe na mwalimu wa darasa. Wakipuuza, au kukiwa na vitisho vya kudhuru, usisubiri tena.

*Dada wa Nyegezi:* Mdogo wangu, miaka 16, alimtumia picha "mpenzi" wa mtandaoni. Sasa anadai pesa la sivyo anaisambaza. Tumtumie kidogo anyamaze?

Pole sana dada. Msitume hata shilingi. Anayelipwa hurudi kudai zaidi. Msifute akaunti wala mazungumzo, hifadhini namba aliyotaka pesa iingie, na mwende Dawati leo hii. Ipo pia huduma ya bure ya Marekani iitwayo Take It Down, kwa picha za walio chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yenu. Huduma inaitengenezea alama ya kidijitali, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitafuta picha hiyo na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa hiyo polisi bado ni lazima. Na usiku wa leo mdogo wako asilale peke yake chumbani.