Ramani ya dunia ya msikilizaji wa masafa mafupi: ianzie pale antena yako ilipo

Mimi ni fundi redio wa Ngamiani, Tanga. Wanaoniletea redio za masafa mafupi wamepungua, ila waliobaki ni wasikilizaji kwelikweli, na swali lao ni lile lile: "Fundi, stesheni hii inatoka wapi, na mbona jana ilisikika vizuri na leo hakuna kitu?" Nikishaweka chini kifaa cha kulehemu, nawaonyesha ukutani. Majibu mengi yako kwenye ramani, mradi uwe na ramani inayofaa. Nyingi zinazouzwa hazifai kwa kazi hii.

Tuanze na ile ya mstatili uliyoizoea tangu shule. Zipo nyingi za mtindo wa Mercator, mchora ramani aliyeutoa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Mstari ulionyooka juu yake ni mwelekeo mmoja wa dira tangu bandari unayotoka hadi unayokwenda. Kwa nahodha hiyo ni neema. Lakini wimbi la redio halishiki dira. Linakata njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Ramani hiyo pia inaivimbisha kaskazini: Greenland inaonekana kukaribiana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kama mara 14.

Weka rula kutoka Tanga hadi Vancouver, Kanada, kwenye ramani ya namna hiyo. Itakupeleka magharibi, juu ya Kongo na Atlantiki, kama nyuzi 291 za dira. Sasa chukua tufe na uzi wa cherehani. Bana ncha moja Tanga, nyingine Vancouver, uvute mpaka ukaze. Uzi unapanda kaskazini, nyuzi 344 hivi: Sudan, Misri, nchi za Balkan, Denmark, unapasua Greenland, kisha unashukia Kanada. Wimbi linapita njia hiyo. Ukishaiona, unaelewa kwa nini stesheni za huko hupotea ghafla jua linapochafuka: dhoruba za sumaku huvuruga anga la karibu na ncha ya dunia kwanza, na uzi wako umepita humo humo.

Kwa hiyo tufe ni ununuzi mzuri, hata dogo la mtumba. Kwenye tufe la kipenyo cha sentimita 30, kila sentimita moja ya uzi ni kama kilomita 425. Usijali kama mipaka imepitwa na wakati na Sudan Kusini haimo. Mpaka unaweza kuuchora kwa kalamu.

Ila nikiambiwa nichague ramani moja tu, sichukui tufe wala ya shule. Nachukua ramani ya azimuthi, ya duara, ambayo kati yake ni nyumbani kwako. Umeshaiona jamaa yake kwenye bendera ya Umoja wa Mataifa. Pale katikati wameweka Ncha ya Kaskazini. Ukiiweka Tanga katikati, kila mstari unaotoka hapo ni njia halisi ya wimbi, pembe yake ni mwelekeo halisi, na urefu wake ni umbali halisi. Nchi za mbali zitapindapinda, Hawaii utaikuta imetupwa ukingoni huko. Iache ipinde, kwani huitumii kufundishia sura za nchi.

Ramani hii hainunuliwi dukani, maana hakuna mchapishaji atakayechapa yenye mji wako kati. Ziko tovuti zinazoitengeneza bure: unaandika latitudo na longitudo (Tanga ni 5.07 kusini, 39.10 mashariki), unapata PDF. Chagua yenye duara la nyuzi 360 pembeni, na yenye mipaka ya nchi. Isiyo na mipaka inachosha macho. Peleka steshenari wakuchapie A3 na kuilaminisha. A4 ni ndogo mno, Ulaya yote inakuwa doa.

Ikishatoka, chora duara la kilomita 4,000 kulizunguka jina la mji wako. Huo ndio umbali wa juu, kwa kukadiria, ambao wimbi huruka kwa mdundo mmoja kutoka tabaka la F, tabaka la anga ya juu linalolirudisha wimbi ardhini, lililo kilomita 200 hadi 400 juu. Mtambo wa BBC wa A'Seela, Oman, uko kilomita 3,700 na kidogo kutoka kwangu, kwa hiyo unaingia ndani ya mdundo mmoja. Issoudun, Ufaransa, iko kama 6,800, midundo miwili. Kadiri midundo inavyoongezeka ndivyo sauti inavyodhoofika, ijapokuwa nguvu ya mtambo nayo ina neno lake.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Ramani ya msikilizaji iwekewe alama za mitambo ya kurushia, siyo miji mikuu. Sauti ya Ujerumani kwa Kiswahili si mara zote ilitoka Ujerumani kwenyewe. Deutsche Welle ilikuwa na mitambo Kigali tangu 1965 hadi 2015. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ilipoanzisha Kiswahili mwaka 2010, studio iliwekwa Dar es Salaam, lakini mitambo yao ya masafa mafupi kwa Afrika iko Issoudun. Mtu anayeelekeza waya wake wa antena Paris au Berlin kwa kufuata jina la stesheni anaweza kuwa anabahatisha. Tia alama Issoudun, A'Seela, Kisiwa cha Ascension katika Atlantiki, Talata-Volonondry huko Madagaska, Santa Maria di Galeria ya Vatikani, Kashgar ya China. Dole, Zanzibar, nayo nimeiweka. Ni jirani, lakini wasikilizaji wa Ulaya na Japani wameisaka miaka mingi kwenye kilohezi 11735.

Orodha za HFCC, chombo cha kimataifa kinachoratibu masafa mafupi, zinakupa mtambo, nguvu yake na mwelekeo wa antena. Mwelekeo huo unahesabiwa kutoka kwenye mtambo, kwa hiyo chapa ramani ya pili yenye Issoudun katikati. Tanga utaiona kwenye nyuzi 137. Ukikuta matangazo ya nyuzi 140, ujue umelengwa wewe. Ukikuta 200, wanalenga Afrika Magharibi, na ukiyapata ni bahati yako.

Ramani ya saa za dunia, yenye mistari ya rangi, sioni haja ya kuilipia. Kashgar inafuata saa ya Beijing wakati jua lake liko nyuma kama saa tatu, na wimbi linafuata jua. Kubadilisha UTC, saa ya kimataifa inayoandikwa kwenye ratiba za redio, hakuhitaji ramani: toa tatu, unapata saa yetu ya Kiswahili. UTC 15:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. UTC 06:00 ni saa tatu asubuhi. Namba ya saa ikiwa tatu au chini yake, ongeza 12 kwanza; jibu likifika 13 au zaidi, toa 12.

Unachohitaji ni ramani ya mchana na usiku, na hii iwe ya kwenye simu kwa sababu inabadilika kila dakika. Tovuti ya Timeanddate inayo bure. Tazama mstari wa machweo. Giza linapoingia, tabaka la D, ambalo mchana hunyonya masafa ya chini, hutoweka, huku tabaka la F bado liko juu. Kwa muda mfupi miji iliyo kwenye mstari huo husikilizana vizuri ajabu. Mstari huo huinama kwa majira. Juni, jua linazama Tanga karibu sawa na Johannesburg. Desemba unainamia upande wa pili, na jua letu linazama karibu pamoja na la Roma, mnamo UTC 15:35 hivi. Kwa hiyo Desemba saa kumi na mbili na nusu jioni mimi huanza na bendi za mita 49 na 41 upande wa Ulaya. Juni saa hiyo hiyo naanzia kusini.

Ukienda kuelekeza waya, soma dira mbali na mabati. Dira ya simu ikiwa karibu na paa la bati inadanganya kabisa.

Alama za mitambo ziandike kwa maka pen inayofutika juu ya lamineti, maana ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na mitambo mingine huzimwa bila kuagana na mtu.