Somo: Kumpima senta mrefu wa mpira wa kikapu anayeanza, kuanzia nyayo hadi ringi

Makocha wenzangu, habari za kazi. Kijana wa mita 2.10, anayeandaliwa kuwa senta, yaani mchezaji wa karibu na kikapu, akiingia uwanjani watu wote hutazama juu. Kazi yetu ni kutazama chini: nyayo zake zinakaa wapi akisukumwa, nyonga yake inashuka kiasi gani, na akisharuka mara moja anachukua muda gani kuruka tena. Urefu unaupima mara moja kwa tepu. Mengine yanataka siku mbili za kazi na karatasi ya kuandikia.

Tanzania tuna mfano wa nyumbani. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya 2009 ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies, baada ya kuwika kwa bloku, yaani kuzuia mitupo ya wapinzani hewani, akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Kikapu alikuwa amekianza akiwa na miaka kama 15. Msimu wa kwanza alipata wastani wa dakika 13, pointi 3.1 na bloku 1.3 kwa mchezo, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya maendeleo, iliyo chini ya NBA. Wenzake wa drafti ile wengi walikuwa na mpira mkononi tangu utoto. Kijana wa aina hii hastahili kuhukumiwa kwa mazoezi ya jioni moja, wala kusifiwa kwa bloku tatu. Anastahili kipimo kinachomwambia afanye kazi gani, kwa miezi mingapi.

HATUA YA KWANZA: MOYO KABLA YA MPIRA

Usimkimbize kijana mrefu sana kabla hajapimwa na daktari. Maradhi ya Marfan hurefusha mifupa na hudhoofisha mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, ambao unaweza kuchanika katika jitihada kubwa. Mwaka 2014 Isaiah Austin, senta wa mita 2.16 kutoka Chuo Kikuu cha Baylor, aligunduliwa nayo siku chache kabla ya drafti.

Dalili za kukufanya umpeleke haraka: akikunja gumba ndani ya ngumi, kucha inatokeza yote upande wa kidole kidogo, akishika kifundo cha mkono wake, gumba na kidole kidogo vinapishana, kifua kimebonyea au kimechomoza, macho haoni mbali kabisa, kuna ndugu aliyekufa ghafla angali kijana. Mikono mirefu peke yake haitoshi kuwa dalili, maana wachezaji wengi wa kikapu wana mikono inayozidi urefu wao. Omba eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na uombe aota ipimwe. Dar es Salaam kipimo hicho kinafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Na kijana anayeendelea kurefuka baada ya miaka 20, huku akiumwa kichwa au uoni wa pembeni ukipungua, aangaliwe tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo.

HATUA YA PILI: TEPU

Asubuhi, miguu mitupu, visigino ukutani. Asubuhi kwa sababu mgongo hujikandamiza kadiri siku inavyoenda, na jioni mtu huwa mfupi kidogo. Viatu huongeza kama sentimita 3, na ndivyo "mita 2.13" nyingi zinavyopatikana. Andika urefu, uzito, upana wa mikono iliyonyooshwa, na kimo cha kufikia: mkono mmoja juu, nyayo zote zimekaa sakafuni.

Namba yenye maana zaidi ni hiyo ya mwisho. Ringi iko mita 3.05. Anayefikia 2.80 amebakiwa na sentimita 25 kuigusa, na kama 40 ili apige dunki, yaani kuusukumiza mpira ringini kwa mkono, kwa raha. Watu wawili wa urefu uleule wanaweza kupishana sentimita 10 hapa, kwa sababu mmoja urefu wake umeishia shingoni na mwingine mabegani.

HATUA YA TATU: VIFUNDO, MAGOTI, NYONGA

Aweke mguu mbele ya ukuta, asukume goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Pima umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Vitabu husema sentimita 10, lakini mwenye muundi mrefu hufika 10 kwa kukunja kidogo tu, basi usiridhike na namba hiyo. Tofauti kati ya miguu ndiyo habari: ikizidi sentimita 2, uliza jeraha la zamani.

Kisha asimame kwa mguu mmoja juu ya stuli ya sentimita 20, ashushe kisigino cha mguu wa pili kiguse sakafu taratibu, mara 8 kila upande. Goti likiingia ndani kabla ya mara ya tano, nyonga ni dhaifu. Huyo ukimpa mazoezi ya kuruka mia kwa siku utamuumiza.

HATUA YA NNE: NGUVU

Usimpime kwa uzito wa juu kabisa anaoweza kuinua mara moja. Mifupa mirefu ni nyenzo ndefu, na mgongo wake haujazoea. Vipimo vya kuanzia kwa mgeni wa mchezo: kuchuchumaa akiwa amekumbatia kilo 20 kifuani hadi makalio yaguse benchi ya urefu wa goti, mara 8 bila visigino kuinuka, pushapu 15 kifua kikishuka kweli, kuning'inia kwenye bomba sekunde 40, kulala ubavu akijiinua kwa kiwiko, sekunde 45 kila upande.

Kulala na kusukuma chuma kifuani nakushauri uache. Mwaka 2007 Kevin Durant hakuweza kusukuma hata mara moja chuma cha kilo 84 kwenye vipimo vya kabla ya drafti, na msimu uliofuata akawa mchezaji mpya bora wa NBA.

Sasa kipimo chenyewe cha senta, ambacho kingebaki kama ungeruhusiwa kimoja tu. Chora mstari wa chaki kando ya eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya kikapu, kwenye alama ya kwanza kutoka kikapuni. Kijana asimame nyayo zikigusa mstari, mgongo kwa kikapu. Msaidizi anayemzidi kilo 10 hadi 15 amsukume kwa sponji ya godoro iliyokunjwa na kufungwa kamba, akiiweka chini kidogo ya kiuno, sekunde 5 mfululizo. Pumzika sekunde 25. Rudia mara 6. Kila mara pima nyayo zimetoka mstarini kiasi gani.

Sentimita 30 au pungufu ni vizuri sana kwa mgeni. Zaidi ya 60, kila pasi ya ndani itamkuta nje ya mahali pake. Lakini usiandike umbali tu, inama utazame magoti. Wengi hushuka vizuri sekunde ya kwanza na ya pili, ya tatu magoti yananyooka, kifua kinainuka, uzito unahamia visiginoni, na kuanzia hapo kiatu kinateleza kwenye saruji kama ndoo inayokokotwa. Huyo nguvu anayo, hajui kukaa nayo. Mwingine magoti yake yanabaki yamekunjwa sekunde zote tano na bado anateleza. Huyo ndiye mwenye upungufu wa nguvu au kilo. Wa kwanza atabadilika ndani ya wiki 3 kwa kufundishwa. Wa pili mpe miezi 6 ya chuma na chakula. Ukiwachanganya, utamjaza chakula aliyehitaji mafunzo ya miguu.

HATUA YA TANO (siku ya pili): MIKONO NA MPIRA

Pasi 20 akiwa posti ya chini, yaani kando ya eneo, karibu na kikapu: 10 za kifuani, 5 za kudunda zinazofika magotini, 5 mbaya kwa makusudi. Hesabu alizodaka kwa mikono miwili. Chini ya 15, mazoezi ya kudaka yaje kabla ya kufundishwa kufunga. Halafu hesabu mara ngapi mpira ulishuka chini ya kidevu. Mtu wa mita 2.10 akishusha mpira kiunoni ameurudisha kwenye mikono ya walinzi wa mita 1.80.

Zoezi la Mikan, sekunde 60, kufunga kwa mkono wa kulia na wa kushoto kwa zamu chini ya kikapu: vikapu 20 vinatosha kwa anayeanza, 30 ni mtu aliyefundishwa. Mitupo huru 20, lakini miwili miwili, na kati ya kila jozi akimbie uwanja kwenda na kurudi. Usikubali neno kwamba warefu hawajui mitupo huru: Yao Ming, senta wa China, mita 2.29, alimaliza NBA na asilimia 83.3.

HATUA YA SITA: RUKIO LA PILI NA MBIO

Aruke mara 5 mfululizo aguse ubao kwa mikono miwili, bila kuchukua hatua katikati. Rekodi kwa simu, mwendo wa polepole. Linganisha la kwanza na la tano: kimo, na muda nyayo zinaokaa chini. Ribaundi nyingi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, huchukuliwa na anayeruka mara ya pili mapema, hata akiwa mfupi.

Mbio: mita 28, mstari wa mwisho hadi wa pili, mara 8, akianza moja kila sekunde 20. Ya nane ikizidi ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 10, pumzi haijafika. Linganisha na yeye mwenyewe, usimlinganishe na gadi, mchezaji mfupi wa nje.

HATUA YA SABA: ULINZI NDANI YA MCHEZO

Watatu kwa watatu, nusu uwanja, dakika 5 mara tatu. Andika mambo manne: mitupo aliyoibughudhi bila kuruka, mara alizosimama wima mikono juu bila faulo, mara alizomfungia mtu mgongoni mpira ukiwa hewani, na bloku ambazo timu yake iliupata mpira. Bloku inayopeleka mpira jukwaani inawarudishia wapinzani mpira uleule.

Mkumbushe sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: akiwa analinda anaruhusiwa kukaa ndani ya eneo muda wowote, na mpira ukishagusa ringi katika mchezo wa kawaida anaweza kuupangusa. NBA hairuhusu vyote viwili. Wengi wamejifunza kwa video za NBA na wanauacha mpira unaozunguka juu ya ringi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 17, mita 2.08, kilo 74. Mzazi anataka aongezwe kilo 15 kabla ya ligi. Inawezekana?

Jibu: Marahaba. Mwambie mzazi robo hadi nusu kilo kwa wiki, basi. Zaidi ya hapo ni mafuta, na magoti ndiyo yanayobeba. Protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama gramu 118 kwa siku. Dagaa wakavu gramu 50 hutoa 25 hadi 30, mayai matatu kama 18, maharage kikombe kilichopikwa kama 15, glasi moja ya maziwa kama 8. Ugali na ndizi asipunguze: bila wanga wa kutosha protini huchomwa kama kuni. Milo minne au mitano, maana tumbo lake halitamudu yote kwa miwili.

Swali: Hatuna chuma hata kimoja hapa kwetu.

Jibu: Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20 na ushee. Mfuko wa unga wa kilo 25 uliojazwa mchanga ni bora zaidi kwa kukumbatia. Pima kwa mizani ya dukani ili uandike namba ya kweli.

Swali: Kocha, mbona Manute Bol alikuwa mwembamba na aliongoza kwa bloku? Hapo nguvu iko wapi?

Jibu: Ndugu, hoja nzuri. Msimu wake wa kwanza, 1985–86, Bol wa timu ya NBA ya Washington alipiga bloku 397 akiwa mita 2.31 na kilo kama 91. Lakini alifunga pointi 3.7 tu kwa mchezo. Alipewa kazi moja na akaifanya kwa kiwango cha juu kabisa. Ukiwa na kijana wa mita 2.31, mpangie kazi moja. Wa mita 2.06 hana sentimita hizo 25 za kumfichia udhaifu wa nyonga.

Swali: Je, wasichana wapimwe hivihivi? Nina binti wa mita 1.91.

Jibu: Ndiyo, kwa mpira namba 6, ringi ni ileile ya 3.05. Ongeza kipimo kimoja: adondoke kutoka kwenye boksi la sentimita 30 na kutua kwa miguu miwili, umrekodi kwa mbele. Kano ya ndani ya goti hukatika zaidi kwa wasichana, na magoti yanayogongana wakati wa kutua ni onyo. Afundishwe kutua kwanza, wiki 6.

Swali: Uwanja wetu ni saruji tupu. Kijana analalamika maumivu juu ya unyayo, katikati.

Jibu: Simamisha kuruka leo. Bonyeza kwa kidole sehemu ya juu ya upinde wa mguu; akishtuka kwa maumivu mahali pale pamoja tu, mpeleke apigwe picha. Huko kuna mfupa wa navikula, ambao hupasuka polepole kwa warefu na hauponi kwa kulazimishwa. Mguu ndio uliomstaafisha Yao Ming mwaka 2011, akiwa na miaka 30. Eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni ufa huo mapema, hivyo omba picha ya MRI au CT. Wakati anasubiri, afanye pasi akiwa ameketi, pushapu na kuning'inia. Akirudi, usizidishe marukio 60 kwa siku kwenye saruji, na hesabu hata yale anayoruka akicheza na wenzake kabla hujafika.