Jinsi ya Kuchagua Amplifaya ya Gitaa kwa Muziki Mzito

Wengi wanaotafuta amplifaya ya kupigia metali huanza kwa kuuliza ina distosheni, yaani mkwaruzo wa sauti, kiasi gani. Nimepiga gitaa la rithimu kwenye bendi za muziki mzito kwa miaka mingi, na swali hilo siliulizi tena. Distosheni siku hizi ni rahisi kupata, na ikipungua pedali moja, kile kifaa cha kukanyaga kwa mguu, inaiongeza. Kinachosumbua ni namna besi, yaani sauti za chini, inavyokatika. Zima uzi mnene kwa kiganja, upige mara moja: itoke "dug", ikome, usikie ukimya, kisha "dug" nyingine. Kuna amplifaya ambazo mlio wa kwanza bado unajikokota wakati wa pili unaingia, na rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa) ya kasi inageuka ngurumo moja isiyoeleweka. Hatua zote hapa chini zinaufuata huo mlio mmoja.

Hatua ya 1: Jua utapigia wapi

Chumbani peke yako, kwenye kurekodi, au mbele ya mpiga dramu? Jibu hili ndilo linaloamua wati, na wati zinawachanganya watu sana. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakisikia lakini halishtuki. Ili sauti isikike kama imekua maradufu, unahitaji takriban wati mara 10. Kwa hiyo amplifaya ya wati 100 haina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Tofauti yao kwenye ukubwa wa sauti ni ndogo.

Sasa kwa nini wapigaji wa muziki mzito bado wanapenda wati nyingi? Kwa sababu ya besi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, E, unatetemeka mara 82 kwa sekunde. Ukiushusha hadi D unafika 73, na gitaa la nyuzi saba lenye B ya chini linafika karibu 62. Sauti za chini kiasi hicho zinakula nguvu nyingi. Amplifaya ya vali (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ya wati 15 inaweza kusikika juu ya dramu, ila wakati huo inakuwa imeelemewa, na inapoelemewa kitu cha kwanza kulegea ni besi. Kwa mazoezi ya bendi mimi sishuki chini ya wati 50 za vali, au wati 100 za transista, zile zisizo na vali. Kwa chumbani, wati 5 zinatosha na kubaki.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mashine

Kuna vali, transista na dijitali.

Ya vali ina vali ndogo za mwanzo, mara nyingi 12AX7, zinazokuza na kukwaruza sauti, na vali kubwa za mwisho kama 6L6 au EL34 zinazoisukuma spika. Utaambiwa kwamba vali hazilii vizuri mpaka ufungue sauti yote. Kwa bluzi na roki ya zamani ushauri huo una msingi. Kwa metali, sehemu kubwa ya mkwaruzo inatengenezwa kwenye vali za mwanzo, na za mwisho tunataka zibaki imara. Ukizilemea, unapoteza ule mkato.

Amplifaya zilizojijengea jina kwenye muziki huu hazifanani. Marshall JCM800 ya mwaka 1981 ina sauti za kati zinazosukuma mbele, lakini distosheni yake peke yake ni ya wastani, ndiyo maana wengi huitanguliza na pedali. Peavey 5150, iliyotoka mwaka 1992 kwa kushirikiana na Eddie Van Halen na baadaye ikaitwa 6505, ina distosheni nyingi tangu kiwandani na inauma kwa ukali. Mesa/Boogie Dual Rectifier, ya miaka hiyo hiyo ya 90, ina besi nene na pana. Ni tamu ukipiga taratibu, ila kwa rifu za kasi inahitaji kubanwa.

Transista inadharauliwa bila sababu. Dimebag Darrell wa Pantera alijenga sauti yake kwa amplifaya za transista za Randall, na ukisikiliza mkono wake wa kulia unaelewa kwa nini: hakuna kulegea, kila pigo linasimama peke yake. Isitoshe, hazina vali za kubadilisha.

Dijitali, ile inayoiga amplifaya nyingine kwa programu, ndiyo ninayompa mtu anayepigia chumbani au kurekodi usiku kwa hedifoni. Ina ubora wa kutosha sasa. Tahadhari yangu ni moja: usiinunue kwa idadi ya sauti zilizomo. Utatumia tatu.

Hatua ya 3: Angalia spika kabla ya nobu (vitufe vya kuzungusha)

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu spika inabadilisha sauti kuliko nobu yoyote. Spika ya gitaa haitoi sauti zote. Ikipita takriban hezi 5,000 inashuka haraka, na kushuka huko ndiko kunakoondoa ule mchirizo kama wa nyuki uliomo ndani ya distosheni. Chomeka pedali ya distosheni moja kwa moja kwenye spika za muziki za kawaida, utausikia mchirizo huo ukiwa mtupu.

Kwa muziki mzito tafuta spika ya inchi 12. Zile za inchi 6 au 8 kwenye amplifaya ndogo haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa D ya chini. Angalia pia mgongo wa boksi. Lililofungwa linaibana besi na kuitupa mbele, lililo wazi linaisambaza nyuma na kuilegeza. Mimi huchukua lililofungwa. Celestion Vintage 30, spika ya wati 60, imesambaa sana kwenye muziki huu kwa sababu ina sauti za kati zilizosimama, na hizo ndizo zinazokufanya usikike.

Kama hedi (amplifaya yenyewe bila spika) na boksi la spika vimetengana, soma omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, nyuma ya vyote viwili kabla ya kuchomeka. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, zikifuatana zinakuwa 16. Na hedi ya vali usiipige kamwe bila spika. Nguvu inakosa pa kwenda, na transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Nimesimama pembeni nikanusa harufu hiyo, baada ya waya wa spika kuchomoka katikati ya wimbo bila mtu kuona.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa gitaa lako

Nenda na gitaa lako, likiwa limetyuniwa kama unavyolipiga kwenye bendi. Gitaa la dukani lenye nyuzi nyembamba na tyuni ya kawaida litakudanganya.

Weka besi, sauti za kati na sauti kali nusu kwa nusu. Geini, nobu ya kiasi cha distosheni, iwe chini, kisha ipandishe taratibu huku ukipiga ule mlio wa kiganja kwenye uzi mnene. Simama pale unapohisi imetosha, halafu rudi nyuma kidogo. Karibu kila mtu hupita kipimo, kwa kuwa geini nyingi inafanya vidole vijisikie vyepesi. Sasa piga kodi ya nyuzi mbili uiache ilie. Kisha piga kodi kamili ya maina (ile yenye sauti ya huzuni), nyuzi tano au sita. Je, unazisikia noti zote, au zimekuwa uji? Baada ya hapo piga rifu yako ya kasi kuliko zote. Ukinyamaza ghafla, sikiliza kinachobaki. Mvumo kidogo ni wa kawaida, na geti la kelele, kifaa kinachokata sauti usipopiga, litauzima. Mluzi unaopanda wenyewe kwa sauti ya wastani ni dalili mbaya.

Halafu ongeza sauti. Usiiruke sehemu hii hata kama unaona haya mbele ya watu. Sikio likisikiliza kwa sauti ndogo linapoteza besi na sauti kali, jambo ambalo watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walilipima tangu mwaka 1933. Ndiyo maana chumbani mtu huzama kwenye besi, akazipunguza sauti za kati mpaka sifuri, na kuona amepata sauti ya ndoto zake. Nami nilifanya hivyo. Siku ya kwanza ya mazoezi gitaa la besi lilichukua chini yangu, matoazi yakachukua juu, na mimi nikawa naona mkono wangu ukitembea bila kusikia kitu. Nilipozirudisha sauti za kati hadi zaidi ya nusu, gitaa likatokea pale pale, bila kuongeza sauti.

Kama mlio bado unaburuta, usiikatae amplifaya kabla ya kujaribu pedali ya ovadraivu (ya mkwaruzo mwepesi) ya aina ya Tube Screamer mbele yake. Weka mkwaruzo wa pedali karibu na sifuri na sauti yake juu. Pedali hiyo inapunguza besi kabla haijaingia kwenye distosheni, na besi inayoingia nyingi ndiyo inayotengeneza tope. Besi uliyoikosa unairudisha kwenye nobu baadaye, ikiwa safi.

Hatua ya 5: Kagua nyuma

Tafuta lupu ya efekti, matundu ya kuchomeka efekti baada ya distosheni, kama unatumia diley (mwangwi unaorudia) au riveb (mwangwi wa chumba), kwani zikiwekwa mbele ya distosheni nyingi zinavurugika. Tafuta swichi ya mguu ya kubadili chaneli, na tundu la hedifoni kama unaishi na watu. Uzito nao uupime kwa mikono yako: hedi ya vali ya wati 100 utaibeba kila mazoezi.

Ikiwa imeshatumika, zungusha kila nobu usikilize mikwaruzo, kisha gonga taratibu vali ndogo za mwanzo kwa penseli. Inayolia kwenye spika kama kengele imechoka, na hiyo ni bei ya kujadiliana. Iache imewaka nusu saa ikiwa na sauti ya mazoezi, kisha urudie mlio ule wa kwanza kwenye uzi mnene. Kama mkato uliousikia mwanzoni umelegea, chomoa gitaa lako.