Sainasi Isiyoisha: Kuosha Pua, Kupuliza Dawa na Kujua Lini Umwone Daktari

Ukilalamika sainasi kwenye duka la dawa, iwe Kampala au Gulu, mara nyingi cha kwanza unachopewa ni antibiotiki. Pua inafunguka siku chache, halafu inaziba tena. Tatizo si kwamba dawa ilikuwa hafifu. Sainasi sugu kwa sehemu kubwa ni uvimbe wa utando, si vijidudu vinavyosubiri kuuawa. Uvimbe huo hutulizwa kwa kuosha pua kila siku na kupuliza dawa ya steroidi ikielekezwa panapostahili, kwa wiki 8 hadi 12 bila kuruka.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Viko jozi nne: kwenye paji la uso, mashavuni, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Kila chumba kina tundu dogo la kutolea ute, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyousukuma ute huo. Tundu la chumba cha shavuni liko juu, karibu na jicho, kwa hiyo kamasi haiwezi kumwagika yenyewe. Moshi wa mkaa, vumbi la barabara za murramu au mzio ukivimbisha utando, tundu hujifunga na ute hukwama ndani.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni sainasi

Hesabu wiki. Ugonjwa wa sainasi huitwa sugu ukifika wiki 12 au zaidi, na uwe na angalau dalili mbili kati ya hizi: pua kuziba, kamasi nzito inayotoka mbele au kushuka kooni, uso kuuma au kuwa mzito, na kupungua kwa uwezo wa kunusa. Mojawapo lazima iwe kuziba au kamasi. Kichwa kikiuma peke yake huku pua iko wazi, hasa upande mmoja, kikidunda, na mwanga au kelele zikikukera, huenda ni kipandauso. Hicho kina matibabu yake, na kuosha pua hakutakisaidia.

Angalia pia kama tatizo liko upande mmoja tu. Kamasi yenye harufu mbaya upande mmoja kwa mtu mzima mara nyingi hutokana na jino la juu lililooza, kwa sababu mizizi ya magego ya juu iko chini kabisa ya chumba cha shavuni; anza kwa daktari wa meno. Kwa mtoto mdogo, shuku punje ya mahindi, haragwe au shanga iliyosukumwa puani, na usijaribu kuitoa nyumbani, maana huingia ndani zaidi. Damu inayorudiarudia upande mmoja inahitaji kuchunguzwa na daktari wa masikio, pua na koo mapema, ili uvimbe wa saratani usipitwe.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona jicho limevimba au unaona vitu viwiliviwili, paji la uso limevimba, shingo imekakamaa pamoja na homa, au mgonjwa amechanganyikiwa. Mwenye kisukari ambaye uso umevimba, umekufa ganzi au ngozi inaanza kuwa nyeusi, asisubiri hata asubuhi: kuna fangasi hatari anayekula mifupa kwa kasi.

Hatua ya 2: Osha pua

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kisha husema haisaidii.

Chemsha maji mpaka yabubujike kwa nguvu dakika 1. Kwenye miinuko inayofika mita 2,000, kama baadhi ya milima ya Kigezi na miteremko ya Elgon, chemsha dakika 3. Hata maji ya bomba yachemshe. Kuna amiba (kijidudu kisichoonekana kwa macho) anayeishi kwenye maji yasiyo ya chumvi; ukiyanywa hakudhuru, lakini akiingia puani anaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra sana, ila kinga yake ni sufuria tu.

Kwa nusu lita ya maji hayo weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha bikaboneti ya soda. Bikaboneti hupunguza mwasho. Ukiikosa, endelea bila hiyo. Usiweke poda ya kuumulia keki wala magadi. Chumvi ya mawe ya Ziwa Katwe nayo iache jikoni, kwani ina madini mengine yanayochoma utando. Acha maji yapoe yawe vuguvugu. Yakiwa baridi yanaumiza, na yakikosa chumvi yanachoma vibaya kuliko yenye chumvi. Hilo hushangaza wengi.

Nunua bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yenyewe. Inama juu ya karai, kichwa kikiangalia chini na kidogo upande. Fungua mdomo, tamka "kaaa" mfululizo ili koo lijifunge, kisha sukuma maji polepole kwenye tundu la juu, ukielekeza nyuma ya kichwa badala ya juu kwenye paji. Yatatokea tundu la pili au mdomoni. Jaza bomba mara tano kila upande. Maliza kwa kupenga taratibu, upande mmoja mmoja, bila kuziba pua zote mbili. Kupenga kwa nguvu husukuma kamasi masikioni.

Fanya mara moja au mbili kwa siku. Maji yaliyobaki yafunike na uyamwage baada ya saa 24. Bomba lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na likauke kabisa, na kila mtu awe na lake.

Hatua ya 3: Puliza steroidi

Subiri dakika 10 hadi 15 baada ya kuosha. Tikisa chupa. Ikiwa mpya, ipulizie hewani mpaka itoe ukungu sawasawa. Inamisha kichwa kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa pua ya kushoto, na wa kushoto kwa pua ya kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio na kuukwepa ukuta wa katikati. Vuta hewa kidogo tu. Ukionja dawa kooni, umevuta kwa nguvu mno. Pua ikitoa damu, karibu kila mara ni kwa sababu unapulizia ukuta wa katikati.

Usihukumu dawa kabla ya wiki kadhaa. Haifungui pua siku ya kwanza.

Kuna onyo ambalo mara nyingi halitajwi dukani. Ikiwa unatumia ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU) zenye ritonavir, kama lopinavir au atazanavir za mchanganyiko huo, usitumie steroidi za flutikasoni wala budesonidi. Ritonavir huzuia ini kuziondoa, steroidi hujaa mwilini, uso hunenepa na tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili, hulala. Omba beklometasoni, na umjulishe mhudumu wa kliniki yako ya ARV.

Hatua ya 4: Acha vinavyorudisha nyuma

Matone ya kufungua pua haraka (xailometazolini, oksimetazolini, efedrini) yasizidi siku 5. Yakizidi, utando huyazoea na pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Ugoro na majani yaliyosagwa visiingie puani. Mvuke wa sufuria huleta nafuu ya muda mfupi, lakini huweza kuwaunguza watoto, achana nao. Pikia mkaa nje, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu, na ufunike pua kwenye boda boda.

Ukiwa na pumu pamoja na vinyama vya puani (uvimbe laini unaoota ndani ya pua), ogopa diklofenaki, ibuprofeni na aspirini mpaka daktari athibitishe hazikudhuru. Kwa baadhi yenu huziba kifua ghafla.

Hatua ya 5: Baada ya wiki 12

Bado hujapona? Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, katika hospitali ya rufaa ya mkoa au hospitali ya taifa ya Mulago, Kampala. Ataingiza kamera nyembamba puani. Kipimo cha maana ni CT, picha inayoonyesha ndani ya mifupa tabaka kwa tabaka. Eksirei ya kawaida hukosea sana. Kwa vinyama anaweza kukupa vidonge vya steroidi kwa siku chache, lakini mwambie kwanza kama una kisukari, vidonda vya tumbo au uliwahi kuugua kifua kikuu.

Upasuaji hufanywa kupitia puani, bila kuchana uso. Kazi yake ni kupanua matundu ili maji na dawa vifike ndani, kwa hiyo kuosha kunaendelea, mara nyingi kuanzia siku ya kwanza au ya pili kulingana na agizo la daktari. Kwa wiki mbili usipenge, piga chafya mdomo ukiwa wazi, na usinyanyue jerikani la lita 20. Vinyama huweza kuota tena kwa anayeacha kupuliza dawa.