Kuchapa mavazi ya wachezaji wa Niwaka kwa vibao vya mbao

Mwezi wa nane wa kalenda ya zamani, mageisha (wanawake watumbuizaji) wa Yoshiwara, mtaa wa starehe mjini Edo (Tokyo ya leo), walicheza Niwaka, michezo ya kuigiza ya sherehe, barabarani wakiwa wamevaa kama wageni wa ng'ambo, simba au wanamieleka. Msanii wa picha za vibao Utamaro aliwachora mnamo 1793. Ugumu wa picha hizi uko kwenye mavazi: kila rangi ina kibao chake, na zote lazima zikutane kwenye mstari mwembamba.

Tumia ubao wa mcheri uliopasuliwa kwa urefu wa gogo. Bandika mchoro kifudifudi kwa uji mzito wa mchele, kisha chonga kuuzunguka mstari ukiinamisha kisu ili kingo ziteremke nje. Mstari uliokatwa wima hauna kitako, hivyo humeguka.

Sasa chonga kento, alama za kukalishia karatasi: moja ya pembe kwenye kona, nyingine iliyonyooka kwenye ukingo uleule, kina cha milimita 1 hivi. Chapa kibao cha mistari pamoja na kento zake, nakala moja kwa kila rangi. Bandika kila nakala kifudifudi kwenye kibao kipya, uchonge eneo la rangi hiyo na kento.

Karatasi iwe ya nyuzi za kozo (mforosadi wa Japani), iliyopakwa gundi ya wanyama na shabi. Pishanisha zilizoloweshwa na zilizo kavu, funga kwenye nailoni usiku kucha. Ikigusa shavu iwe baridi, ising'ae kwa maji.

Weka rangi na tone la uji wa mchele kwenye kibao, sambaza kwa brashi, kalisha karatasi kwenye kento, kisha sugua mgongo wake kwa bareni, kisugulio bapa kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Anza na mistari, fuatisha rangi hafifu, malizia nzito.

Vidoa kama ufuta vinatokana na uji kidogo au mkono mwepesi. Rangi ikivuka mstari, maji yamezidi. Rangi zikilingana karibu na kento lakini zikapishana upande wa pili, usikimbilie patasi! Kozo husinyaa ikikauka, na kento sahihi kabisa haiwezi kuiokoa karatasi iliyosinyaa. Rudisha unyevu kwanza, ujaribu tena. Kento iliyochongwa upya bila sababu huharibu nakala zote zinazofuata.

Vazi jeupe halihitaji rangi: kandamiza karatasi kwa kiwiko juu ya kibao kikavu chenye nakshi, mikunjo itainuka yenyewe.